Mdai wa Sita

Wadai wote watano wa Munene walifika kabla yake. Nabalayo aliwahesabu alipoingia katika chumba cha kamati nyuma ya ukumbi wa Kaloleni, akaona kwamba hakuna aliyechelewa hata dakika moja. Watu hao hao, ambao kwenye harusi hutokea keki ikikatwa, Jumapili hiyo walikuwa wameketi tangu saa nane kasoro robo, mikono mapajani, wakiitazama meza tupu kana kwamba pesa zingeota juu yake.

Mmoja wao alikuwa kaka yake mwenyewe, Lusweti. Alimwona dada yake akiingia na daftari, akainua nyusi, kisha akazishusha. Lusweti hakuwa mtu wa kuuliza swali mbele za watu. Aliyaweka maswali yake mpaka nyumbani, yakaiva.

"Keti hapa karibu nami, mwanangu," Mzee Wafula alimwambia Nabalayo, akimvutia kiti. "Mkono wangu siku hizi unatetemeka, na hati ya namna hii ikisomeka vibaya ni afadhali isiandikwe."

Mzee Wafula alikuwa amefanya kazi ya ukarani mahakamani kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu akawa mzee wa kanisa, lakini tabia ya mahakamani haikumtoka. Alisoma kila kitu kwa sauti, hata risiti ya sukari. Katika mtaa ule, watu waliposhindwa kulipana na hawakutaka kushtakiana, walimwendea yeye.

"Baba, hukuniambia ni hati ya nani," Nabalayo alisema kwa sauti ya chini.

"Ningekuambia ungekuja?"

Nabalayo alifungua daftari akaandika tarehe, na mwaka wa tisini na sita akauandika polepole kuliko ulivyostahili, maana alisikia hatua mlangoni na hakutaka kuinua uso kwanza.

Munene aliingia akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, yaani yeye mwenyewe. Vidole vyake bado vilikuwa na madoa ya vanishi ambayo sabuni ilikuwa imekata tamaa nayo. Aliwasalimu wote kwa heshima, mmoja mmoja, kisha akamwona aliyeshika kalamu. Alisimama. Macho yao yalikutana kwa muda ambao mtu mwingine asingeweza kuupima, lakini Nabalayo aliupima. Miaka mitatu alikuwa ameyasoma macho yale, yakiwa na furaha, yakiwa na usingizi, yakiwa na uongo mdogo wa siku za mapenzi. Hakuwahi kuyaona yakimwogopa yeye.

"Fundi, keti," alisema Ambaro, mmoja wa wale watano. "Umesimama kama umepotea."

Munene aliketi.

Habari yake ilijulikana na wote, na Mzee Wafula aliisoma tena kwa sababu ndivyo ilivyopasa. Bedan Munene alikuwa fundi wa makochi mwenye karakana nyuma ya soko. Mwenye hoteli mmoja alimwagiza makochi arobaini, akayachukua yote kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, kisha akaifunga hoteli kabla haijafunguliwa. Munene alikuwa amechukua mbao kwa Wandera kwa mkopo, na vitambaa kwa Ambaro kule Eastleigh kwa mkopo. Kodi ya uwanja wa Mama Kavata, palipojengwa karakana, ilikuwa imelala miezi kadhaa. Nthambi, muuza chakula, alikuwa amewalisha mafundi wa Munene wali na maharagwe kwa ahadi. Na Lusweti, aliyepunguzwa kazini kwenye reli, alikuwa amelipa taslimu elfu ishirini na nne kutoka katika pesa zake za kuachishwa kazi, ili atengenezewe makochi na kabati la ukutani. Hakupata hata stuli.

"Jumla ni laki moja na elfu sitini na mbili," alisoma Mzee Wafula. "Fundi ameuza banda la karakana, mashine zote za mbao na shamba dogo alilopewa na babake. Amepata elfu themanini na moja. Ziko katika bahasha hii. Hana nyingine. Anawaomba mpokee shilingi kumi katika kila ishirini, deni lifutwe, na mtu asimdai tena."

"Nusu," alisema Wandera. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na msumeno. "Mbao zangu hakuchukua nusu, mzee. Alichukua nzima."

"Basi nenda kwenye hiyo hoteli ukazing'oe," alisema Ambaro. "Bwana Wandera, wewe unadai elfu arobaini. Mimi nadai sitini. Nikikaa kimya, wewe kelele unazitoa wapi?"

"Wewe una maduka mawili."

"Nina maduka mawili kwa sababu najua siku ya kuchukua nusu."

Nthambi alicheka. Alikuwa amekuja na birika kubwa la chai na vikombe, akavipanga dirishani. "Mimi deni langu ni elfu sita tu," alisema. "Nikipewa tatu nashukuru Mungu. Lakini chai hii, wapendwa, ni ya pesa taslimu. Nimejifunza."

Mama Kavata, mwenye uwanja wa karakana, hakusema kitu. Alikuwa mama wa makamo aliyefumba macho tangu mwanzo, na hakuna aliyejua kama anaomba au amelala.

Waligombana kwa nusu saa, kwa namna ya watu ambao wamekwisha kukubali nyumbani kwao na sasa wanataka tu isemekane kwamba hawakukubali upesi. Katika ukumbi wa jirani kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, na mwalimu wao aliwarudisha kwenye mstari mmoja tena na tena, kwa sababu sauti ya tatu ilikuwa ikiingia mapema. Hatimaye Wandera aliinua mikono.

"Andika," akasema. "Andika kabla sijabadilisha nia."

Mzee Wafula akaanza kutamka na Nabalayo akaanza kuandika. Kifungu cha kwanza, jina la mdaiwa. Kifungu cha pili, majina ya wadai na kiasi wanachodai. Ambaro, elfu sitini. Wandera, elfu arobaini. Kavata, elfu thelathini na mbili. Lusweti, elfu ishirini na nne. Nthambi, elfu sita. Mzee alinyamaza. Nabalayo alingoja, kalamu juu ya mstari uliofuata. Mzee hakuwa anapumzika. Orodha ilikuwa imekwisha.

Aliitazama orodha ile aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Majina matano.

Miezi saba iliyopita, Munene alipokosa pesa za kumalizia makochi ya hoteli, Nabalayo alikuwa ameuza mashine yake ya kufumia sweta za shule kwa mama mmoja wa mtaa wa Fedha. Alipata elfu kumi na nane, akampa zote mkononi, bila karatasi. Tangu siku hiyo alifuma sweta kwenye mashine ya mtu mwingine, kwa malipo ya siku, na jioni mgongo ulimuuma kwa ajili ya faida isiyokuwa yake. Alimwambia kaka yake kwamba mashine imepelekwa kutengenezwa. Lusweti hakuuliza inatengenezwaje kwa miezi saba. Alikuwa akiliivisha swali hilo pia.

"Kifungu cha tatu," alisema Mzee Wafula. "Kila mdai atapokea kwa kipimo kile kile, asiwepo aliyependelewa. Umeandika? Kifungu cha nne, na hiki mkisikilize vizuri. Mimi, Bedan Munene, nathibitisha kwamba sina mdai mwingine yeyote asiyetajwa hapa. Akitokea mwingine baadaye, hati hii itakuwa imekufa, na kila mtu atakuwa huru kunidai deni lake lote."

Nabalayo aliandika mpaka neno "mwingine", kalamu ikasimama.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mkono umechoka, baba. Naomba nipumzike kidogo."

"Chai!" akasema Nthambi. "Shilingi tano kikombe, maandazi mawili kwa tatu."

*

Ukumbini kulikuwa na veranda ndefu ya upande, na Munene alimfuata huko akiwa na kikombe ambacho hakukinywa. Walisimama mbali kidogo, kama watu wanaotazama mvua, ijapokuwa mvua haikuwapo.

"Sikujua ni wewe utakayeandika," alisema.

"Naona."

"Nabalayo."

"Sema. Watu wanakunywa chai upesi wakiwa wanangoja pesa."

"Usifikiri nimekusahau."

"Ningependa kuwa nimesahauliwa. Mtu aliyesahauliwa hukumbukwa siku nyingine. Mimi umekaa chini, umenifikiria, kisha ukaniacha."

Munene aliweka kikombe ukutani. Alikuwa na uso ambao mwanamke yeyote angeuamini, na hilo ndilo lilikuwa limemletea wadai watano.

"Wale ni wadai," alisema. "Wewe utakuwa mke wangu. Ningewezaje kukuweka kwenye foleni pamoja na muuza mbao? Nikuambie na wewe, chukua kumi uache kumi? Wewe nitakulipa zote. Elfu kumi na nane, bila kukata hata senti."

"Lini?"

"Nikisimama."

"Tarehe ngapi hiyo?"

Munene alikigusa kikombe, akakizungusha pale ukutani. Nabalayo alivitazama vidole vyake, akatamani kuvishika, na akaona uchovu ukimpanda kutoka miguuni kama maji. Kumpenda mtu huyu hakukuwa kazi ngumu hata kidogo. Kilichomchosha ni kungoja.

"Ona jinsi ulivyo hodari," alisema polepole. "Watu unaowaogopa unawalipa nusu leo, mezani, mbele ya mashahidi. Mtu unayempenda unamlipa zote, siku isiyojulikana."

"Si haki kusema hivyo."

"Wapi si haki? Nionyeshe."

"Nikikutaja, kipimo kinashuka. Si kumi tena, ni tisa. Wandera atatoka akiubamiza mlango. Na kaka yako atajua habari ya mashine. Nilikuwa nakulinda."

"Mimi sawa, ulikuwa unanilinda. Na wewe mwenyewe, ulikuwa unajilinda na nini?"

Kwaya ilirudia mstari wake. Sauti ya tatu iliingia mapema. Munene alisugua uso kwa viganja vyote viwili, na alipoviondoa alionekana mzee kuliko miaka yake thelathini na minne.

"Aibu," alisema. "Unataka niseme? Aibu. Kusema nilikopa mbao naweza. Kila fundi hukopa mbao. Lakini kusimama mbele ya Lusweti niseme niliichukua mashine iliyokulisha, nikaigeuza kuwa makochi ya mwizi... Nilijaribu kuliandika jina lako. Niliandika orodha hiyo mara tatu, nyumbani. Kila nikifika kwako kalamu inakataa."

Hilo Nabalayo aliliamini. Lilimgusa mahali ambapo hakupenda kuguswa, kwa kuwa hasira ilikuwa imemshikilia wima na sasa ilianza kulegea.

"Umeniita mke wako," alisema. "Hujafika kwetu. Hujaketi na kaka yangu. Hujaleta hata mtu mmoja wa kwenu kunywa maji mlangoni. Mke wako wa wapi? Kwa kuniita hivyo umenifutia deni tu, basi."

"Unataka nifanye nini?"

"Utasomewa kifungu cha nne. Utaulizwa. Unajua la kusema."

"Na nikishindwa?"

Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu watoke nje, akamtazama sana, kama mtu anayeangalia nyumba aliyowahi kuishi.

"Mimi ndiye ninayeandika, Munene. Uongo huo usiutie kwenye mwandiko wangu."

*

Ndani, vikombe vilikuwa vimerudi dirishani na Nthambi alikuwa amejaza mfuko wa aproni. Mama Kavata alikuwa bado amefumba macho, ila sasa alikuwa na andazi mkononi. Mzee Wafula alivaa miwani, akasoma hati yote kwa sauti tangu tarehe. Alipofika kifungu cha nne aliinua uso.

"Bwana Munene. Kabla hujatia sahihi, sharti niulize. Yuko mdai mwingine?"

Munene alitazama dari. Alitazama bahasha. Alimtazama Nabalayo, na macho yake yalikuwa na kila kitu ambacho mwanamke anaweza kutaka kuonyeshwa, isipokuwa sauti. Midomo yake ilifunguka. Nabalayo alishika kalamu kwa nguvu. Alikuwa na maneno yake tayari, ameyapanga tangu verandani, na yalikuwa maneno mema. Yalihitaji tu jina lake litajwe kwanza.

"Hayuko," alisema Munene.

Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejibu akiwa ameulizwa kama ameshiba.

"Yupo," alisema Nabalayo.

Watu walitazama mlango, wakidhani kuna aliyeingia. Nabalayo aliinamia daftari, akaongeza mstari chini ya jina la Nthambi, akausoma kwa sauti huku akiuandika, kwa namna ya Mzee Wafula mwenyewe. "Nabalayo. Elfu kumi na nane."

Wadai watano waligeuka pamoja, wakamtazama.

"Elfu ngapi?" aliuliza Lusweti.

"Kumi na nane, kaka."

"Wewe umetoa wapi elfu kumi na nane?" Kisha swali lake la miezi saba likaiva lote kwa mara moja, usoni, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ile mashine. Mashine tuliyonunua kwa mafao ya marehemu baba."

"Niliuza."

"Kwa ajili ya huyu?"

"Kwa ajili yangu, kaka. Nilitaka awe mtu wa kusimama. Nilikosea hesabu."

Lusweti aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. Mzee Wafula aliinua kiganja kimoja tu, kama alivyomwona hakimu akifanya kwa miaka ishirini na minane.

"Keti, Lusweti. Bwana Munene, umesikia. Ni kweli?"

Angeweza kukana. Karatasi haikuwapo, shahidi hakuwapo, na mwanamke mmoja mwenye kalamu si ushahidi. Nabalayo alilijua hilo, na akamwona naye akilijua. Aliliona likipita katika uso wake, likapita, likaenda zake.

"Ni kweli," alisema Munene. Alisimama. "Alinipa mkononi, elfu kumi na nane, tarehe tatu mwezi wa pili. Nimesema uongo mbele yenu sasa hivi. Yeye hakusema uongo hata mara moja."

"Kwa nini hukumwandika?" aliuliza Ambaro.

"Kwa sababu nampenda."

Wandera alimgeukia Mzee Wafula. "Hiyo nayo iko kwenye kifungu gani?"

"Nilidhani mtu anayependwa hawekwi pamoja na wanaodai," aliendelea Munene, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilidhani ninamheshimu. Nimekaa hapa nikisikia majina yenu yakisomwa moja moja, kila mtu na chake, na lake halipo. Niliona anavyoandika. Heshima gani hiyo? Mniandike vyovyote mtakavyo. Yeye mwandikeni."

Mzee Wafula alikuwa amekwisha kuanza kupiga hesabu pembeni mwa gazeti. "Deni sasa ni laki moja na elfu themanini. Pesa ni zile zile. Inakuwa shilingi tisa katika kila ishirini."

"Yaani mimi natoka elfu ishirini nakuja elfu kumi na nane," alisema Wandera. "Mapenzi ya watu wawili yananigharimu elfu mbili, na harusi yenyewe sijaalikwa."

"Mimi elfu tatu," alisema Ambaro. "Wallahi, nimewahi kupoteza zaidi kwa watu wabaya zaidi. Fikiri, Bwana Wandera. Msichana huyu angenyamaza leo, mwaka ujao wakosane, aje na deni lake. Hati imekufa, pesa umekwisha kula, tunaanza upya. Amekuokolea hizo elfu mbili. Mimi nachukua tisa."

"Mimi ni mia tatu," alisema Nthambi. "Nitapandisha chai."

Wote walimgeukia Mama Kavata. Alifumbua macho.

"Huyo msichana apewe," alisema. "Nami nipewe, niende." Akayafumba tena.

Alibaki Lusweti. Alikuwa ameketi, mikono imekunjwa, akitazama sehemu ya ukuta ambapo rangi ilikuwa imebambuka. Kwake yeye hesabu ile ilikuwa elfu moja na mia mbili, pesa za mtu asiye na kazi.

"Lusweti?" Mzee Wafula alimwita.

"Andikeni tisa," alisema bila kugeuka. "Kama dada yangu ni mjinga, alipwe kama wajinga wenzake."

*

Kulipana kulichukua muda mfupi kuliko kugombana. Mzee Wafula alihesabu noti za kila fungu mara mbili, kila mtu akahesabu tena kwa sababu hakuna aliyemwamini mtu mwingine kuhesabu pesa zake. Wakatia sahihi, Nthambi akatia dole gumba kwa madaha kana kwamba ni muhuri wa serikali. Nabalayo alikuwa wa mwisho. Alipokea elfu nane na mia moja, akaandika kwa mkono wake chini ya jina lake: nimepokea, sidai tena. Hakuhisi ushindi wowote. Alihisi kama mtu aliyefua nguo nyingi, akazianika, na sasa anatafuta tu mahali pa kukaa.

Nje jua lilikuwa limelegea. Watu walitawanyika wakiagana vizuri, hata Wandera, ambaye alimshika Munene bega na kumwambia akipata kazi ya kuajiriwa asisahau mbao zinakouzwa. Lusweti alisimama kando ya njia, hatua tano hivi kutoka kwa dada yake. Ilikuwa karibu ya kutosha kusikia, na mbali ya kutosha kujidai kwamba hasikii.

Munene aliwajia. Hakuwa na bahasha tena. Mikono ilining'inia kama ya mtu aliyepewa likizo asiyoiomba.

"Hatudaiani tena," alisema.

"Hatudaiani."

"Nabalayo, nikuulize kitu kimoja. Kama ningekutaja mimi mwenyewe pale, nilipoulizwa."

Alifikiri kumficha. Ingekuwa huruma. Lakini alikuwa ameona siku hiyo huruma ya kuficha inavyofanya kazi.

"Ungenitaja wewe, ningesimama mbele yao wote nikasema nimesamehe. Zote kumi na nane. Kila mtu angebaki na kumi yake. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, wakati ule unatazama dari."

Munene aliipokea habari ile akiwa wima. Kwaya ilikuwa imeondoka, na ukumbi wote ulikuwa kimya.

"Nataka kuja kwenu," alisema hatimaye.

"Kuja na nini? Huna kitu."

"Sina kitu. Ndiyo maana nauliza leo. Nikingoja nipate, nitakuwa nimekupa tena siku isiyojulikana." Alivuta pumzi. "Jumamosi hii. Saa kumi. Nitakuja na mjomba wangu, tutakuja kwa miguu, na nitamwambia kaka yako niliyoyafanya yote tangu mwanzo, hata asiyoyajua."

Nabalayo aligeuza macho kwa kaka yake. Lusweti alikuwa akiangalia upande mwingine kwa bidii.

"Saa kumi nina kikao cha mazishi," alisema Lusweti, akiambia barabara.

"Saa kumi na moja basi, kaka," alisema Munene.

"Mimi si kaka yako. Hata ungekuwa wa kwetu kabisa, wa Bungoma, nisingekuwa kaka yako. Saa kumi na moja nitakuwa nyumbani. Nitakuambia hapana."

"Nitakuja kuisikia."

Lusweti hakutegemea jibu hilo. Alikohoa, akatazama viatu vyake, kisha akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwa hatua za mtu aliyekusudia kufika peke yake. Baada ya hatua chache alipunguza mwendo, akimngoja dada yake bila kugeuka.

Nabalayo aliweka mkoba begani. Mgongo ulimuuma pale pale ulipozoea. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, hakuwa na mashine, na mwanamume aliyesimama mbele yake hakuwa na karakana, wala shamba, wala udhuru uliobaki. Alimtazama Munene mara nyingine. Safari hii macho ya Munene hayakwenda darini wala pembeni. Yalibaki kwake, yamechoka kama ya kwake, yakingoja bila kuahidi kitu.

"Kwetu kaka husema kwanza," alimwambia. "Msikilize mpaka amalize, usimkatize, atasema mengi. Akishamaliza, waambie waningoje. Mimi ndiye nitakayesema mwisho."

Akamfuata kaka yake.